Aliyepeleka Riwaya Sinema na Ndoa Ikabaki Salama

Alishinda tuzo ya Booker kwa riwaya yake, kisha akabeba Oscar mbili kwa kugeuza riwaya za wengine kuwa filamu. Miaka mingi mume alikuwa Delhi na yeye New York, lakini ndoa ilidumu zaidi ya miaka 60. Ruth Prawer Jhabvala aliwezaje? Soma mwenyewe.

Hebu nikuulize msomaji wangu. Filamu uliyoipenda kuliko zote, aliyeigiza unamjua, si ndiyo? Hata aliyeimba wimbo wake labda unamjua. Haya, nani aliiandika? Naona umenyamaza. Usijali, hauko peke yako. Mimi mwenyewe naandika skripti za tamthilia usiku baada ya kazi ya ofisini, na bado ndugu zangu wakiniona kwenye kompyuta saa tano za usiku huniuliza kama nachati na nani.

Kazi ya mwandishi wa filamu ni kazi ya mtu asiyeonekana. Na ndani ya kazi hiyo kuna tawi moja ambalo ni gumu zaidi ya mengine: kuchukua riwaya ya mtu mwingine, yenye kurasa mia tatu au mia nne, na kuigeuza kuwa filamu ya saa mbili. Wapenzi wa kitabu watakulaumu kwa ulichokiacha. Wasiosoma kitabu watakulaumu kwa ulichokiweka. Ukifanya vizuri, sifa anapewa muongozaji.

Ndiyo maana mwezi huu nimeamua kukuletea habari za mwanamke aliyeifanya kazi hiyo kwa karibu miaka 50. Aliandika riwaya 12 na skripti 23 za filamu, akalea watoto watatu, na akaishi na mume mmoja tangu ujana hadi uzee. Ndiye mtu pekee aliyewahi kushinda Booker na Oscar. Na kwetu sisi vijana tunaohangaika kugawa moyo kati ya kazi na mwenzi, maisha yake yana mengi ya kutufundisha, matamu na machungu.

MSICHANA ALIYEPOTEZA KWAO

Ruth alizaliwa mwaka 1927 katika mji wa Cologne, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa mwanasheria. Hitler aliposhika madaraka maisha yakawa moto, na mwaka 1939, miezi michache tu kabla ya vita, wazazi wake walifanikiwa kukimbilia Uingereza pamoja na Ruth na kaka yake. Ruth alikuwa bado mtoto. Akaanza upya kwa lugha ngeni, Kiingereza, lugha ambayo baadaye ndiyo ingempa ugali wake.

Lakini vita havikuisha kwao vilipoisha kwa wengine. Mwaka 1948, baba alipojua ni ndugu wangapi wa familia yao walikuwa wameuawa na Wanazi, alijiua. Ruth alikuwa binti wa miaka 21, chuoni London.

Nakueleza haya kwa sababu moja. Miaka yote watu walimwuliza Ruth kwa nini hakuandika kuhusu utoto wake Ujerumani, na kwa sehemu kubwa aliuacha mlango huo umefungwa. Badala yake aliingia kwenye nyumba za watu wengine, akakaa kimya pembeni, akawatazama wanavyokula, wanavyogombana na wanavyopendana. Kwa mtu anayetaka kugeuza riwaya za wengine kuwa filamu, hakuna mafunzo bora kuliko hayo. Unahitaji sikio la mgeni.

AKAOLEWA, AKAHAMA

Hapo London akakutana na kijana kutoka India, Cyrus Jhabvala, aliyekuwa akisomea usanifu majengo. Cyrus alikuwa Mparsi, jamii ileile ya Freddie Mercury, yule mwimbaji aliyezaliwa kwetu Zanzibar mwaka 1946. Walifunga ndoa mwaka 1951 na safari ya Delhi ikaanza.

Jiweke kwenye viatu vyake dada yangu. Umekimbia nchi moja, umezoea ya pili kwa shida, halafu kwa ajili ya mapenzi unahamia ya tatu, kwa wakwe usiowajua, kwenye joto usilolijua. Wengine tungeanza kuhesabu siku. Ruth alianza kuandika. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1955, na nyingine zikafuata, huku akizaa na kulea mabinti watatu. Aliishi India miaka 24.

Wakati huo wote Cyrus alikuwa na kazi yake ya michoro na majengo na kufundisha, na Ruth na kalamu yake. Hakuna aliyekuwa msaidizi wa mwenzake. Walikuwa mafundi wawili wa fani mbili chini ya paa moja, na nadhani hapo ndipo siri ya kwanza ilipo.

"MAMA MKWE" KWENYE SIMU

Basi bwana, mwaka 1961 wakaingia Delhi vijana wawili wenye ndoto kubwa na mifuko mitupu. Mmoja ni Ismail Merchant, Mwislamu wa Bombay, mwenye mdomo wa kuuza hata mchanga wa ufukweni. Wa pili ni James Ivory, Mmarekani mpole aliyekuwa ametengeneza filamu fupi za maisha halisi. Walikuwa wamesoma riwaya ya Ruth iitwayo *The Householder*, iliyotoka mwaka 1960, na walitaka kuifanya filamu.

Inasimuliwa kwamba Merchant alipopiga simu, Ruth alijifanya yeye ni mama mkwe wake ili asisumbuliwe! Si mnajua mama mkwe anavyoweza kuwa ngao siku nyingine. Lakini Merchant hakuwa mtu wa kukata tamaa. Akafika, wakazungumza. Ruth akawaambia hajawahi kuandika skripti ya filamu. Wao pia hawakuwa wamewahi kutengeneza filamu ndefu ya kuigiza, kwa hiyo wote watatu walikuwa wanafunzi wa darasa moja.

Filamu ilitoka mwaka 1963, Shashi Kapoor akiwa mwalimu kijana aliyeozwa mke asiyemjua, na Leela Naidu akiwa mke huyo. Ni hadithi ya wanandoa wapya ambao hawajui waongee nini mezani, na polepole, bila mtu kuwafundisha, wanaanza kupendana. Satyajit Ray, gwiji wa sinema ya India, aliwasaidia kuihariri upya. Jamani, kama unataka filamu ya kutazama na mchumba bila kelele za risasi, itafute hiyo.

Kuanzia hapo watatu hao hawakuachana. Myahudi wa Ujerumani, Mwislamu wa Bombay na Mmarekani: Merchant mwenyewe alikuwa akisimulia kwa utani kwamba kuna aliyewaita mungu mwenye vichwa vitatu. Merchant na Ivory walikuwa wenzi wa kazi na wa maisha hadi Merchant alipofariki mwaka 2005. Ruth alikuwa kichwa cha tatu, kile kinachokaa chumbani na kuandika.

KURASA 300, SAA MBILI

Sasa tuingie jikoni. Kazi hii hufanyikaje hasa?

Kwa kawaida ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu. Filamu ya saa mbili ni kurasa 120 hivi, na kurasa hizo zina nafasi nyingi nyeupe. Kwa hiyo mwandishi hawezi kuinakili riwaya. Analazimika kuisoma mpaka aijue, aifunge, halafu ajiulize: hadithi hii ni ya nani, na anataka nini? Kila kisichojibu swali hilo kinaondoka, hata kama kimeandikwa vizuri kiasi gani.

Tatizo la pili ni mawazo. Riwaya inaweza kukuambia kwamba Asha alimpenda Juma kwa miaka ishirini bila kusema. Kamera haisomi mawazo. Inaona Asha anapiga pasi shati la Juma kwa uangalifu kupita kiasi. Mwandishi wa filamu ni mtu wa kutafuta shati hilo.

Mfano mzuri ni *The Remains of the Day*, filamu ya mwaka 1993 iliyotokana na riwaya ya Kazuo Ishiguro, iliyoshinda Booker mwaka 1989. Kwenye kitabu, Stevens, msimamizi wa watumishi katika jumba la bwana mkubwa wa Kiingereza, anasimulia mwenyewe. Maneno yake ni mengi na yote yanaficha. Anakuambia kazi, kazi, heshima, kazi, na wewe msomaji ndiye unayegundua kwamba anampenda Miss Kenton, mwanamke anayefanya naye kazi, na hataki kujikubalia. Utamgeuzaje mtu huyo kuwa filamu?

Kabla ya Ruth, skripti yake ilikuwa imeandikwa na Harold Pinter, mwandishi mkubwa wa tamthilia. Baadaye Ruth aliiandika yake, na Pinter akaomba jina lake lisiwekwe. Ruth aliwapa waigizaji, Anthony Hopkins na Emma Thompson, nafasi ya kunyamaza. Kuna tukio lililo pia kwenye kitabu: Miss Kenton anamkuta Stevens chumbani anasoma, anataka kujua kitabu gani, Stevens anakificha, na dada wa watu anakibandua kutoka mikononi mwake, kidole kimoja kimoja. Kumbe ni hadithi ya mapenzi tu. Wamesimama karibu kiasi cha kusikia pumzi. Yeye hasogei wala hasemi. Dakika chache tu, na maisha ya watu wawili yamepita.

Ruth pia alikata na kushona. Kwenye riwaya, Mmarekani anayekuja kwenye mkutano wa zamani jumbani ni mtu mmoja, na anayelinunua jumba baadaye ni mwingine. Filamu imewafanya mtu mmoja. Kwa mkato huo mtazamaji hahitaji kumzoea mgeni mpya, na jumba linakwenda kwa mtu aliyewahi kuwaonya wenyeji wake, nao hawakusikia. Huo ndio ufundi wenyewe. Ukiutazama haraka unaonekana ni kupunguza, lakini umeongeza.

Angalia na *Howards End* ya mwaka 1992. Riwaya ya E. M. Forster, ya mwaka 1910, inaanza kwa barua. Filamu inaanza na mama mmoja, Bi Wilcox, akitembea jioni kwenye bustani ya nyumba yake, gauni likiburuza kwenye majani, akiwatazama watu wake kupitia dirishani. Hakuna neno, lakini ukishaona tu umeelewa: mama huyu anaipenda nyumba hii, na nyumba ndiyo itakayoleta ugomvi.

Na kwenye *A Room with a View*, iliyotoka mwaka 1985, pia kutoka riwaya ya Forster, vichwa vya sura za kitabu vinatokea kwenye skrini kati ya matukio, kama vile filamu inakufungulia kurasa. Filamu hiyo na *Howards End* ndizo zilizompa Ruth Oscar zake mbili, mwaka 1987 na mwaka 1993, zote katika tuzo ya skripti bora iliyotokana na kazi nyingine.

BWANA NA BIBI BRIDGE

Hii nimeiweka peke yake kwa ajili ya wanandoa. Mwandishi wa Marekani Evan S. Connell aliandika riwaya mbili kuhusu familia moja ya Kansas City: ya kwanza, ya mwaka 1959, inamfuata mke. Ya pili, ya mwaka 1969, inamfuata mume. Nyumba ileile, ndoa ileile, vitabu viwili.

Ruth alivichukua vyote viwili akavifanya filamu moja, *Mr. & Mrs. Bridge*, mwaka 1990. Na walioigiza mume na mke hao ni mume na mke kweli, Paul Newman na Joanne Woodward, waliooana mwaka 1958 na kutenganishwa na kifo cha Newman mwaka 2008.

Niliitazama na mwenzangu Jumapili moja umeme ulipotuhurumia. Filamu ilipoisha alikaa kimya, halafu akasema kila nyumba ina vitabu viwili, ila watu husoma cha kwao tu. Nimelibeba neno hilo mpaka leo. Tukigombana sasa huwa tunaulizana: kwenye kitabu chako, hapa pameandikwaje?

NDOA YA MABARA MAWILI

Sasa tufike kwenye lile lililonifanya niandike makala hii.

Mwaka 1975 Ruth alishinda Booker kwa riwaya yake *Heat and Dust*, ambayo baadaye aliigeuza mwenyewe kuwa filamu, mwaka 1983. Ungedhani angekaa Delhi kula matunda ya jasho lake. Lakini alikuwa amechoka. Kwa miaka 24 India ilikuwa imempa hadithi zake, na pia ilikuwa imemlemea, umaskini aliouona kila siku na joto lisilokwisha. Akahamia New York, jengo moja na Merchant na Ivory. Cyrus kazi yake ilikuwa Delhi. Akabaki.

Hawakuachana. Cyrus alikwenda New York, Ruth akarudi Delhi kwa majira, barua na simu zikapita katikati, na uzeeni wakawa pamoja tena New York. Ruth alichukua uraia wa Marekani mwaka 1986. Alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 85. Cyrus alimfuata mwaka uliofuata.

Nilipokuwa nayasoma haya, kwetu nyumbani kulikuwa na barua mezani. Mwenzangu amepata kazi Mwanza, mkataba wa miaka miwili, mshahara mzuri. Kazi yangu iko Dar, na skripti zangu pia, maana watayarishaji wako huku. Mama mkwe alisema mke hufuata mume, mwisho wa mazungumzo. Shangazi yangu akasema mwanaume akiachwa peke yake Mwanza, samaki hatakula peke yake. Wifi akanishauri niache kuandika, eti ni kazi ya wasio na watoto. Kila mtu alikuwa na skripti ya ndoa yetu isipokuwa sisi wenyewe.

Sitaki kukudanganya kwamba maisha ya Ruth yamenipa jibu. Yeye alikuwa na nauli ya ndege na mabinti waliokwisha kukua. Na umbali una bei: chakula cha jioni ulichokula peke yako hakirudishwi na mtu. Lakini amenionyesha kitu kimoja. Kilichowashika wale wawili hakikuwa kitanda kimoja kila usiku. Ni kwamba kila mmoja aliiheshimu kazi ya mwenzake kama alivyoiheshimu yake. Cyrus hakumwambia achague. Ruth hakumwambia aache majengo yake awe "mume wa mwandishi".

Sisi tumekubaliana hivi: atakwenda mwezi Januari, mimi nitabaki, tutaonana kila mwisho wa mwezi kwa zamu, na baada ya miezi sita tutakaa chini kuangalia kama bado tunafahamiana. Naogopa? Ndiyo, naogopa sana. Yeye pia anaogopa, na alipokiri hivyo ndipo nilipolala usingizi vizuri kwa mara ya kwanza tangu barua ile ifike.

RAHA, KARAHA, RAHA TENA

Katika insha moja kuhusu maisha yake India, Ruth alieleza hatua anazopitia mgeni kutoka Ulaya. Kwanza kila kitu ni kizuri mno. Halafu si kizuri sana. Mwisho kila kitu ni kibaya. Wengine huishia hapo na kuondoka. Kwa wanaobaki, gurudumu huzunguka, na wanaanza tena mwanzo.

Alikuwa anazungumzia nchi. Mimi nimesoma ndoa. Si ndivyo ilivyo? Miezi ya kwanza hata anavyokoroma ni muziki. Mwaka wa pili unaanza kuona taulo kitandani. Mwaka wa nne taulo hilo ni kesi ya kupeleka kwa wazee. Wasiojua kwamba ni gurudumu hudhani wamefika mwisho wa barabara. Wanaojua hushika vizuri na kusubiri lizunguke.

PESA NA SUFURIA LA MERCHANT

Usije ukadhani walikuwa matajiri. Kwa miaka mingi kampuni yao ilitengeneza filamu kwa bajeti ndogo. *A Room with a View* iligharimu kama dola milioni 3 hivi, kiasi kidogo kwa filamu ya aina ile, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 20 Marekani peke yake. Merchant alikuwa akiwapikia waigizaji na mafundi mwenyewe, mchuzi wa viungo wa nguvu, ili mioyo itulie pesa zinapochelewa. Mwishowe aliandika hadi vitabu vya mapishi!

Hapa kuna somo la kazi kwa sisi vijana. Ruth hakuvutiwa na pilikapilika za seti. Alijua anachokiweza, akakifanya kila siku, na akawaachia wenzake wanachokiweza. Merchant alitafuta pesa, Ivory aliongoza, Ruth aliandika. Walipishana, walirushiana maneno, lakini mgawanyo ulibaki palepale. Pia alijua kusema hapana. *Maurice*, filamu yao ya mwaka 1987 kutoka riwaya nyingine ya Forster, hakuiandika, na urafiki haukufa.

Na ona matunda ya urafiki wa namna hiyo. Mwaka 2018 James Ivory, akiwa na miaka 89, alishinda Oscar ya skripti iliyotokana na kazi nyingine kwa *Call Me by Your Name*, kutoka riwaya ya André Aciman. Ni tuzo ileile aliyoishinda Ruth mara mbili. Ukikaa na fundi miaka hamsini, hata kama ulikuja kwa kazi nyingine, mkono unajua.

NA KWETU JE?

Huwa nasikia watu wakisema filamu zetu hazina hadithi. Jamani, hadithi ziko rafu nzima! Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa filamu ya *Vuta N'kuvute*, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi ambayo wengi tuliisoma shuleni tukiwa na haraka ya kujibu maswali ya mtihani. Skripti aliiandika pamoja na Jenna Bass wa Afrika Kusini, ambaye pia alishiriki kuandika *Rafiki* ya Kenya ya mwaka 2018, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda. *Vuta N'kuvute* ilikuwa filamu ndefu ya kwanza kutoka Tanzania kuonyeshwa kwenye tamasha la Toronto, na mwaka 2022 Tanzania iliiwasilisha kwenye Oscar.

Yasmin, binti anayekimbia ndoa aliyoozwa kwa mzee, na Denge, kijana anayepambana na ukoloni Zanzibar ya miaka ya 1950, wanafaa kuonwa na kila wachumba wanaopanga harusi. Na ukitoka hapo jiulize nani ataitengeneza *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, ya mwaka 1971. Natamani ningekuwa mimi.

Ila ndoto haiondoi sheria. Huwezi kuchukua kitabu cha mtu ukakifanya filamu kwa sababu umekipenda. Lazima mwenye haki, awe mwandishi au warithi wake, akubali kwa maandishi. Hata Merchant na wenzake walihitaji ruhusa ya chuo cha King's, Cambridge, kinachomiliki haki za vitabu vya Forster. Na wewe unayeandika skripti linda yako pia. Rafiki yangu mmoja alimkabidhi mtayarishaji kazi ya miezi minne, akaiona kwenye televisheni bila jina lake na bila senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu mwaka 1999, na COSOTA ipo. Itumie.

YA KUBEBA NYUMBANI

Kwa wewe unayetaka kuandika:

• Chukua hadithi fupi kwanza, usianze na riwaya ya kurasa 400. Isome mara tatu, kisha iandike kwa sentensi tano bila kufungua kitabu. Ulichokikumbuka ndicho filamu.

• Kila penye "aliwaza" au "alijisikia", tafuta kitendo kitakachoonekana.

• Usimwonee huruma mhusika asiye na kazi. Muunganishe na mwingine au muage.

• Pata ruhusa, andikishaneni mkataba, halafu ndipo ufurahi.

Kwa ninyi wapenzi wawili wenye kazi mbili:

• Muulize mwenzako wiki hii anafanya nini kazini, na usikilize hadi mwisho. Wengi tunajua mshahara wa mwenzi kuliko kazi yake.

• Mkitenganishwa na kazi, pangeni tarehe ya kuonana kabla ya tarehe ya kuondoka. Na pangeni siku ya kutathmini, msiache mambo yajiendee.

• Ushauri wa ndugu pokeeni kwa heshima zote, kisha fungeni mlango mkaamue wawili.

• Likizuka jambo, kila mmoja asimulie upande wake bila kukatizwa. Vitabu viwili, nyumba moja.

Ruth Jhabvala alitumia maisha yake kuingia kwenye hadithi za wengine na kuzitoa nje zikiwa hai, bila kumfuta mwenye hadithi. Nikifikiri sana naona hiyo ni kazi ya kila aliyeoa au kuolewa. Umekabidhiwa mtu aliyekwisha kuanza kuandikwa kabla hujamjua. Msome kwanza. Kama kuna cha kukata, kateni pamoja.